Gari la Kuburuta

Nianze kwa kusema kwamba kosa si langu. Watu wa mtaani kwetu Msamala hupenda kuniuliza huku wakicheka, "Fundi Kajetani, lile trekta lako la Peugeot vipi?" Nami huwajibu wakamuulize Mwalimu Tumsifu, maana Kiingereza ni chake, mimi changu ni spana.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404, saluni, la marehemu Bartholomeo, aliyelifanyia teksi miaka mingi kati ya Songea na Mbinga. Alipofariki, mjane wake Paskalina hakuliuza. Aliliacha uani, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma, naye kila asubuhi alifungua mlango taratibu na kuokota mayai. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara na watu wakaanza kushika fedha, wanunuzi walimjia mmoja baada ya mwingine, akawafukuza wote. Alisema gari ni la mwanawe Valence, aliyezamia meli bandarini Dar es Salaam na kupotelea ughaibuni. "Akirudi akute kitu cha kumshikilia hapa," aliniambia. Basi mlijue hilo mapema: mama alitaka mwanawe arudi na abaki. Mengine yote ninayoyasimulia ni vyuma tu.

Na Valence akarudi kweli. Alirudi amenenepa, kila sentensi ameitia Kiingereza. Alikuja karakana kwangu, akanipa shikamoo yangu vizuri tu, halafu akatoa mfukoni picha aliyoikata kwenye gazeti la Wamarekani.

"Fundi, hili 404 la baba nataka uligeuze liwe hivi. Gari la dragi. La kizamani, siyo haya ya kisasa."

Niliitazama picha mpaka macho yakaniuma. Lilikuwa gari la zamani kama la kwetu, lakini pua imenyanyuka juu, magurudumu ya mbele membamba, ya nyuma makubwa na mapana, na bodi imekatwa ili kuyapisha. Ndani kiti kimoja.

"Linakwenda mbio sana?" niliuliza.

"Muhimu siyo mbio za mwisho, fundi. Muhimu ni nguvu ya kuondokea. Lisimame, halafu liondoke kwa nguvu."

"Safari yake ya wapi?"

"Hakuna safari. Mita mia nne tu, kisha linageuza. Lakini linyooke, lisiyumbe hata kidogo."

Nilikuna kichwa. Nimefungua Peugeot tangu ujana wangu, na sijawahi kumwona mteja anayetaka gari lisilokwenda popote. Ningemkatalia, ila kazi ilikuwa imeniishia. Mji ulishaanza kujaa magari ya Kijapani yaliyotumika, na wenye nayo walinipita kana kwamba nauza mkaa. Nikamwambia lete.

Jioni ile alipita Mwalimu Tumsifu kuchukua baiskeli yake niliyoiunga fremu. Huyu ni mtu wa Moshi, aliletwa kwetu kufundisha Kiingereza, na ni mtu wa kujiamini sana. Nikamuuliza dragi maana yake nini.

"Kuburuta," alisema palepale. "Kukokota. Kuvuta kitu kizito kinachosugua ardhini."

"Una uhakika, mwalimu?"

"Kajetani, mimi hiyo lugha ndiyo inayonilisha."

Loo! Niliruka nikaichukua tena ile picha. Magurudumu ya nyuma makubwa, ya mbele madogo. Kiti kimoja. Nguvu ya kuondokea, mita mia nne, kisha kugeuza, na kunyooka bila kuyumba. Hiyo si mistari ya shamba? Mtoto wa watu alitaka trekta, sema tu ameishi na Wazungu mno, amesahau linavyoitwa. Niambieni nyie, mngefikiri kitu gani kingine?

Kesho yake nikamfuata Mama Valence nyumbani kwake. Nilimkuta anapeta mahindi.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea habari. Mwanao anageuza gari liwe la kulimia."

Ungo ulimponyoka. "Valence? Alime?"

"Ndiyo kazi aliyonipa."

"Atalima Mpitimbi," alisema, kwa sauti ya mtu anayejiuliza na kujijibu. "Kwenye shamba la baba yake. Mlongo wangu, atabaki." Ametoka kuniita mlongo, ndugu yake wa damu, mimi fundi wa kuungaunga. Alilia, akacheka, akanipa mayai ya kufunga kwenye kitambaa. Wiki ileile alikwenda kijijini Mpitimbi kusimamia watu wafyeke shamba lililoota msitu, na kwa ndugu zake akaomba plau la ng'ombe.

Sikumuuliza Valence tena, na yeye hakunieleza tena. Muda mwingi alikuwa Dar es Salaam akisaka vifaa. Mimi nikafanya kazi ya kiume. Nilitoa ekseli ya nyuma ya Peugeot, ile inayopenda mbio, nikaweka ya lori dogo lililokufa, ambayo huzungusha magurudumu polepole lakini ikivuta imevuta. Nilikata bodi. Nilichomelea ndoano nene nyuma.

Kila alichokiona aliporudi kilimfurahisha, na hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Aliigonga ekseli ya lori kwa kiatu akasema, "Imara! Dhaifu ingekatika siku ya kwanza." Aliiona ndoano, akanipiga bega. "Umefikiria mbali, fundi. Bila hii tungelirudishaje?" Kulirudisha kutoka wapi, sikujua. Kisha akaniamuru ning'oe kila kilicho kizito: viti, vioo vya nyuma, hata kapeti. Trekta linataka uzito, kila mtu anajua. Nikajiambia labda udongo wa Amerika ni laini. Kiti cha nyuma Mama Valence alikichukua akawarudishia kuku wake.

Siku ya kulijaribu tulikwenda Mshangano, kwenye kipande cha barabara kilichonyooka. Valence alichora mstari wa chokaa, akavaa kofia ngumu ya pikipiki. Nikashangaa, kulima na kofia ngumu? Watu walijaa pande zote mbili. Mama Valence alifika amevaa kitenge cha kanisani, na nyuma yake ndugu wawili kutoka Mpitimbi wamebeba plau.

Valence alilitazama plau, akanitazama mimi. Nilidhani anashukuru, nikampungia mkono.

Aliwasha. Kabureta zake mbili alizozileta kutoka Dar zilinguruma mpaka mbuzi wakakimbilia mahindini. Akaachia klachi. Gari lilinyanyua pua kama lile la pichani, likalia kwa hasira zote za dunia, na likaondoka mwendo wa bibi harusi. Liliendelea kulia, liliendelea kutambaa. Mtu wa baiskeli aliyepakia magunia alilipita, akageuka kulitazama, nusura aingie mtaroni.

"Linavuta!" Mama Valence alipiga vigelegele. "Jamani, linavuta!" Watu wakampigia makofi.

Valence alizima gari palepale katikati ya barabara, akavua kofia. Uso ulikuwa umemshuka.

"Fundi, umelifanya nini?"

"Ulichosema. La kuburuta."

"Kuburuta nini?"

"Plau," nilisema, nikawaonyesha kwa kidole wale ndugu wa Mpitimbi.

Hakunitukana; afadhali angenitukana. Alisema turudi karakana nikaweke ile ekseli ya zamani. Mimi nikakaa sakafuni nyuma, mahali palipokuwa na kiti cha abiria, naye akaendesha. Likatambaa kuelekea Msamala, polepole kiasi kwamba mama yake alitembea kando ya dirisha bila kuhema, na mazungumzo yao nikayasikia yote.

"Kwani si la shamba?" aliuliza.

"La mashindano, mama. Magari mawili yanasimama sambamba, yanakimbia mpaka mwisho."

"Huko mwisho kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa mnakimbilia nini?"

Valence alifikiri. "Kumtangulia mwenzako."

Mama akatembea kidogo. "Na hayo mashindano yako hapa Songea?"

"Yako Dar es Salaam. Kuna jamaa wanayaanzisha. Halafu mambo yakikaa vizuri, nitarudi kule."

"Kule," alisema mama. Ndugu wa Mpitimbi walifuata nyuma na plau lao, na mimi kule sakafuni nilitamani barabara ipasuke inimeze. Nilikuwa nimempelekea mwanamke huyu furaha ya uongo mpaka nyumbani kwake, nikapokea na mayai.

Tulipofika karakana nilipiga jeki, lakini mkono ulikataa kushika spana. Wateja walikuwa wawili, na gari moja.

"Mama Valence," nilisema, "wewe ndiye mwenye gari. Nifanyeje?"

Alilitazama gari, si mwanawe. "Mrudishie ya zamani, fundi. Likienda polepole namna hii, nitakaa pale barabarani namtazama anaondoka mpaka macho yaniume. Afadhali liende mbio, yaishe."

Akawaambia ndugu wabebe plau, wakaondoka.

Nililala chini ya gari nikaanza kulegeza nati. Kutoka pale nilimwona Valence miguu tu, viatu vyake vya Kimarekani. Havikusogea. Nikalegeza nati ya kwanza, nikalegeza ya pili, viatu vipo palepale.

"Fundi," alisema hatimaye.

"Naam."

"Funga."

Nilidhani sikusikia. "Nifunge ipi?"

"Zote. Liache lilivyo, liburute plau."

"Basi mwite mama yako umwambie, anakwenda huyo!"

Nilichungulia nje, nikamwona amejiziba uso kwa kile kikofia chake, mabega yanamtetemeka, mwanamume mzima hana sauti. Ikabidi nipaze yangu, nikiwa chali chini ya gari, oili inanidondokea kinywani.

"Mama Valence! Amesema nifunge!"

Alikuwa ameshafika kona ya uchochoro. Akasimama, akageuka, kiganja sikioni.

"Ufunge nini?"