Kidole cha Naomie mu Muchanga

Mimi Léontine sina haya ya kusema: naogopa. Naogopa tangu Paska, na mwenye kunitia woga ni wifi yangu Arlette, yaya, dada mukubwa, wa bwana yangu Dominique.

Binti yetu Naomie alirudilia mwaka wa tatu wa shule, akarudilia tena. Mujinga si yeye. Mutume soko ya Kasongo na sahani ya mihogo, atauza yote, atarudisha chenji sawasawa, na atakuletea maneno ya soko nzima bila kuulizwa. Lakini muwekee kitabu mbele, herufi zinageuka, zinaruka, anatoka jasho mpaka analia. Basi akajitafutia njia: wenzake wakisoma kwa sauti, yeye anashika yote kichwani.

Siku ya Paska katekista alimwita asome mbele ya watu. Naomie akasoma vizuri, bila kukwama. Kumbe katekista alikuwa amefungua ukurasa mwingine kabisa. Mutoto anasema hili, kitabu kinasema lile. Katekista alicheka. Arlette hakucheka.

"Kuna mutu anamusomea, na sisi hatumuoni," alituambia pale nje ya kanisa. "Ile ni bulozi, uchawi wenyewe, na bulozi inatembea mu damu. Musipomutoa sasa atamaliza nyumba."

Anajua chumba cha maombi huko Salamabila. Mimi pia nakijua. Mutoto wa jirani yetu Marie alipelekwa kule, wakamufungia bila chakula, bila maji, eti pepo atoke. Alirudi, lakini mpaka leo hasemi. Anakaa mulangoni akikwaruza ukuta na kucha. Nikipita pale nageuza uso.

Mbele ya yaya wake bwana yangu anakuwa kuku aliyenyeshewa. Mwishowe alisema tungoje shule ifunge. Naomie akiweza kusoma karatasi ambayo hajaiona hata siku moja, anabaki. Akishindwa, Arlette atakuja na motari, mutu wa pikipiki, amuchukue.

Nilimukamata Naomie tukakimbilia kwa mwalimu Olga, nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza, halafu akamwaga muchanga mu lungo ya kupepetea, akashika kidole cha Naomie, akamuchoresha herufi moja kubwa huku mutoto anatoa sauti yake. Herufi moja tu, leo, kesho, mpaka kidole chenyewe kiijue. Kisha wakaunganisha mbili, wakapiga makofi kwa kila kipande cha neno. Hakumufokea hata mara moja.

"Macho yake iko salama, mama, na akili iko," aliniambia. "Herufi ndizo zinapita kwake njia ngumu. Watoto kama huyu wako kila pahali. Wanasoma, ila wanafundishwa polepole, kwa sikio na kwa mukono."

Nilimwamini. Lakini woga haukunitoka. Kila nikisikia pikipiki njiani, nilimwita Naomie aingie ndani.

Shule ikafunga, Arlette akaja. Motari hakuzima hata moto wa pikipiki. Wifi yangu akatoa mu saki ya begani karatasi ya nyimbo aliyoleta kutoka Nyangwe, ili asiwepo mutu wa huku anayezijua.

Naomie aliitazama muda murefu. Halafu nikaona kidole chake kinaanza kutembea juu ya paja, polepole, kama mu muchanga.

"Tu... na... Tuna... ku... ja."

Alikosea, akarudi nyuma, akaendelea. Alisoma mustari wa kwanza, akasoma wa pili, akafika chini. Nililia, sikujificha.

Arlette akasimama. "Mumeona kile kidole? Anamwandikia nani pale? Anamwita mutu wake."

Akamukamata mukono, akamuvuta kuelekea pikipiki. Mimi nikashika mukono wa pili. Mutoto analia katikati yetu, motari anatazama pembeni.

Nilimwangalia Dominique. Kuna neno lingemwokoa Naomie, na nililijua peke yangu, kwa sababu barua zote za bwana yangu nazisoma mimi. Lakini Arlette alishasema bulozi iko mu damu. Nikitamka neno hilo, nampoteza bwana. Nikinyamaza, nampoteza mutoto. Nikazidi kuvuta mukono wa mutoto.

Dominique alisimama mwenyewe. Alichukua ile karatasi.

"Yaya, hii mimi siwezi kuisoma," alisema. "Herufi zinanikimbia tangu butoto. Kila siku ya Mungu mu kanisa nashika kitabu cha nyimbo, naimba kwa kichwa, kama Naomie. Ukimupeleka, unipeleke na mimi. Na wewe ufuate, maana tulinyonya ziwa moja."

Arlette aliachia mukono wa mutoto. Alimwangalia ndugu yake vile alivyomwangalia Naomie siku ya Paska, akapanda pikipiki bila kuaga.

Sasa mu kanisa watu wanatuachia benchi nzima. Juzi asubuhi tulikuta majivu yamemwagwa mulangoni petu, vile wanafanyia walozi, na hakuna jirani aliyesema ameona mutu.

Jana mangaribi Dominique alikaa chini mbele ya lungo. Naomie alishika kile kidole kinene cha baba yake, akakiweka mu muchanga.

"Baba, toa sauti yake kwanza," akamwambia.

Alikuwa anaitoa, taratibu, wakati nilisikia pikipiki inapunguza mwendo nyuma ya ua wa lupango yetu. Nikaenda kufunga mulango kwa komeo.