Upepo wa Mlango wa Nyuma

Mwisenge nzima, pale Musoma, hapakuwa na mtu wa kumshinda Hyasinta kwa kuzijua pepo za ziwa. Akinusa tu, anakwambia kesho kutavuma nini. Juzi alinusa akatangaza dhoruba. Kumbe jirani alikuwa anakaanga visamaki vya furu.

Lakini habari za babu zake alizijua kweli. Wale hawakuchagua njia ziwani, upepo ndio uliowachagulia. Alfajiri ule wa nchi kavu uliwasukuma hadi kisiwa cha Irugwa. Mchana ule wa ziwani uliwarudisha Musoma, na ukipata hasira ulipitiliza mpaka Butiama kuezua mapaa. Aliyebishana nao alibaki majini.

Mwaka wa themanini na tatu dizeli ilipotoweka, injini zikanyamaza, matanga yakarudi, na kila mtu akautaka upepo. Basi upepo nao ukaanza kutolewa duka la ushirika, kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi. Hakuna aliyeshangaa. Sukari ilikuwa hivyo hivyo. Watu walipanga mawe yao kwenye foleni yawashikie nafasi, wakaenda kulima.

Upepo wa kwenda ulikuwa tele, ukimwagika hadi barazani. Wa kurudi ndio ulioadimika. Wanaume walikwenda Irugwa kufuata mihogo, wakakwama huko, matanga yamelegea kama shuka zilizoanikwa. Pastory, mume wa Hyasinta, alikuwa mmoja wao, na harusi ya binti yao Gati ilikuwa kesho.

Hyasinta akamwendea Clementi, meneja wa duka, aliyemuoa dada yake.

"Shemeji, nipe wa kurudi."

"Umeisha, shemeji. Wote umepelekwa Bunda. Kuna mgeni, bendera zitapepeaje?"

"Sasa nani anagongagonga humo stoo?"

"Panya."

Panya akausukuma mlango, kofia ya Clementi ikaruka mpaka barabarani.

"Pitia nyuma," Clementi akanong'ona. "Ila unachukua na mpini wa jembe. Mipini haitoki."

Hyasinta, ambaye kila Jumapili baada ya misa aliwalaani walanguzi kwa majina, akapitia nyuma. Upepo ulikuwa vuguvugu na ulinuka dagaa. Akauingiza ndani ya gauni, akafunga pindo kwa kamba ya katani, akashika njia ya ufukweni akaufungulie umlete mumewe.

Penye foleni akakutana na Penina, ambaye mume wake naye alikuwa Irugwa. Penina alikuwa ameketi kando ya jiwe lake.

"Mama Gati, umepata?"

"Nipate wapi, dada? Kuna mipini tu." Akaonyesha mpini.

"Mbona umenenepa? Jana hukuwa hivyo, na njaa hii."

"Ni presha."

"Presha inakushika mwili mzima?"

"Ya kwetu ndivyo ilivyo."

Penina akatazama chini. Miguu ya Hyasinta ilikuwa imekwisha kuachana na ardhi, na petikoti aliyoishona kwa mfuko wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, ilipepea mbele ya foleni nzima, maandishi yote yakisomeka.

Penina alilisogeza jiwe la Hyasinta pembeni, akaweka lake.

"Huo wa kurudi hauendi Irugwa, Mama Gati," akasema. "Unaelekea Butiama. Ukifika, uwasalimie."

"Upepo gani, dada?" Hyasinta akauliza, akipita juu ya paa la duka.