Sahani ya Maji Matupu

Rehema alifungua kabati la joto la kuoteshea bakteria. Miezi mizima alikuwa amehangaika maabara kuunganisha shaba na kemikali aliyoipika mwenyewe, mpaka akapata unga wa kijani, na vipimo vyote vikakubali kwamba viwili hivyo vimeshikana. Lilibaki swali moja la kufa na kupona: unga ule unaua bakteria wa kuhara, au hauui? Ukiua, atapata shahada yake. Usipoua, basi arudi mtaani kwao Kapata akauze makaa na mama yake.

Kwenye sahani ya kwanza, kukizunguka kikaratasi chenye dawa, bakteria walikuwa wamekufa, pamebaki duara safi. Nusura apige vigelegele. Kisha akainua sahani ya kulinganishia, iliyotiwa maji matupu, ambayo haikupaswa kuua chochote. Nayo ilikuwa na duara. Dogo, lakini lilikuwepo.

Mungu wangu! Nani ataiamini dawa iliyoyeyushwa katika maji hayo hayo? Viatu vya msimamizi wake, Profesa Tshiamala, vilishasikika mlangoni. Rehema akaisukuma sahani ya pili nyuma ya chupa.

Profesa aliitazama ya kwanza, akatabasamu. "Bien! Na témoin, ile ya maji, iko wapi?"

Uongo ulikuwa mdomoni mwa Rehema tayari, akauona mchungu. Akaitoa sahani.

Tabasamu la Profesa likayeyuka. "Uliweka maji gani?"

"Ya kwetu, prof. Courant ya umeme ilikatika, eau distillée, ile maji safi ya maabara, ikaisha. Nikaleta ya puits ya kwetu Kapata. Mi nilichemusha, nikachuja, iko clair, safi kabisa."

Kuchemsha! Kosa la mtoto wa Kapata hilo, aliyekuzwa akiambiwa kwamba maji ya kisima yakishachemka hayana neno. Moto huua vijidudu. Shaba na kobalti zilizopenya kisimani kutoka migodini hauzigusi, na ndizo zilizoua bakteria kwenye sahani ya maji.

"Basi tunaanza tena," Profesa alisema kwa upole. "Na maji safi."

Rehema hakumsikia. Simu ilikuwa sikioni tayari. Binti yake, Malaika, hajatimiza mwaka, alikuwa ameachwa Kapata kwa bibi yake.

"Mama! Munisikilize. Maji ya puits musikunywe tena. Hata kama munachemusha!"

"We Rehema, unapiga kelele ya nini?" mama yake alijibu. "Ungoje kidogo, Malaika eko anakunywa."