Imsakiya ya Chumba cha Nyuma

Mzee Saady alisimama mlangoni mwa darasa letu la jioni, akazitazama kompyuta sita zilizolala juu ya meza, kisha akasema anakitaka chumba chake. Maharage ya Mabamba yalikuwa yameanza kuingia na ghala lake la mbele lilikuwa limejaa.

"Hizi mashine ni maiti," alisema. "Na maiti hawekwi ndani, huzikwa."

Hakuna aliyembishia, maana alisema kweli. Chumba kiko nyuma ya duka lake hapa Kibondo, na alituazima kwa wema tu. Kompyuta tulipewa na ofisi moja iliyofungwa Kakonko. Zilikuwa zinatumia Windows ya kunakili, isiyo na leseni, ambayo kila fundi aliyepita aliipachika kwa namna yake. Kila mwanafunzi alikuja na flashi yake, na kila flashi ilikuja na virusi vyake. Mafaili yalianza kupotea moja moja, baadaye mashine zikawa zinawaka na kuganda. Mwisho hazikuwaka kabisa.

Mimi ni muuza vitenge, na shule niliiacha darasa la nne. Kusoma sawasawa nimejifunza humo humo chumbani, nikiwa tayari nina mjukuu. Mtihani wa cheti cha kompyuta ulikuwa baada ya Idi, na sikujua darasa jingine la jioni ambalo lingenipokea. Magunia yakiingia mle, ningerudi kwenye vitenge vyangu na kubaki nilivyokuwa. Nilisema bismillahi moyoni nikasimama.

Nilimkumbusha mzee kwamba kila mwaka yeye ndiye anayewagawia watu wa msikiti imsakiya, ile ratiba ya kufunga na kufungua saumu mwezi mzima wa Ramadhani. Kazi hiyo huipeleka Kasulu kwa mpwa wake Lukmani, mwenye duka la kuchapa. Mwaka jana ratiba ilifika watu wameshaanza kufunga, na saa zake hazikuwa za Kibondo. Nikamwomba atuachie sisi kazi hiyo.

Alicheka kidogo. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa biashara, akafunga mkataba palepale. Tukimchapia imsakiya humo humo chumbani, kwa mashine hizo hizo, chumba kitabaki chetu. Ijumaa asubuhi kuna gari la Kasulu. Kama gari litaondoka yeye hajashika karatasi mkononi, kazi itakwenda kwa Lukmani na wapagazi wataleta magunia.

Alipoondoka, Dorcas akanigeukia. Dorcas anakatisha tiketi za mabasi pale stendi, na mdomo wake ni wa stendi vilevile.

"Mama Shadia, umetuuza sote kwa mkupuo mmoja. Hata bei hukuuliza."

Mwalimu wetu Léonard hakucheka. Yeye ni mtu wa Uvira, mchana anafanya kazi kwenye shirika moja, jioni anatufundisha. Alisema njia iko. Kompyuta, alitueleza, haiendi bila mfumo wa kuiendesha, na Windows si mfumo pekee. Kuna mwingine unaitwa Linux. Umeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, na maandishi yake yako wazi: anayetaka huyasoma, huyarekebisha, humpa mwenzake. Haudai leseni. Mashine za zamani unaziweza, na virusi vya flashi zetu haviujui. Lakini hakutuficha upande wa pili. Tukiuweka, kila kilichomo ndani kitafutika, mazoezi yetu yote ya miezi. Baadhi ya programu tulizozizoea hazitafunguka. Na tukikwama hakuna kampuni ya kupigia simu.

Wenzangu walinitazama. Mimi niliyetia saini kwa mdomo, niamue mimi.

Usiku ule niliswali istikhara, nikamwomba Mola anionyeshe. Sikuota ndoto yoyote. Niliamka na moyo mtulivu tu, na hilo lilinitosha. Jioni iliyofuata nilimwambia mwalimu afute.

Kila mmoja aliuweka mfumo kwenye mashine yake kwa zamu, kwa flashi moja ya mwalimu. Mashine yangu iliponitaka nenosiri nilibonyeza herufi na hakuna kilichoonekana, hata nukta. Nikadhani kibodi imekufa, nikaanza kuipigapiga. Mwalimu akaniambia mama, andika tu, inasikia. Nikaandika nisichokiona, nikabonyeza, mlango ukafunguka. Nilikumbuka dua zangu nyingi nilizodhani hazikufika.

Mashine tano ziliwaka. Ya sita ilikuwa maiti kweli. Kwenye hizo tano tulichagua Kiswahili, na maneno mengi yakageuka Kiswahili, mengine yakabaki Kiingereza. Dorcas alisema inaongea kama wale vijana wanaokwenda Dar wiki mbili wakarudi. Lakini zilikwenda. Flashi zile zile zilizotuua tuliziingiza, na hakuna kilichopotea.

Jumanne niliichukua ratiba kwa Ustadhi Tamimu wa msikitini, aliyekuwa amezipanga saa za Kibondo kwa mkono. Nikaanza kuziandika kwenye jedwali la programu ya huo mfumo mpya. Kwetu huku jua huchelewa kuzama, magharibi ya siku ya kwanza ilikuwa saa moja na dakika saba. Niliandika 1:07. Mashine ikajiongezea AM, herufi za asubuhi za Kizungu. Nikaona imekosea, hii ni jioni, nikabadilisha ziwe PM, zile za baada ya adhuhuri. Nikafanya hivyo hivyo safu nzima, siku baada ya siku, nikimshukuru Mungu kwa subira.

Dorcas alipita nyuma yangu akasimama.

"Haya Waislamu, mwaka huu mmepata saumu laini. Mnafuturu saa saba mchana na jua lenu kichwani."

Nilitaka kukasirika, kisha nikaona. Mimi niliandika saa tuihesabuyo sisi, tangu jua kuchomoza na tangu kuzama. Mashine ilihesabu ya kwake, tangu usiku wa manane. Kijana anayetazama saa ya simu angesoma karatasi yangu na kula mchana wa Ramadhani, na dhambi ingekuwa shingoni kwangu. Dorcas alisema abiria humkosesha usingizi kwa jambo hilo hilo kila msimu wa sikukuu: tiketi imeandikwa 6:00 kwa saa ya Kizungu, basi la alfajiri, mtu anakuja saa sita mchana. Akaketi kando yangu. Tukaiamuru mashine izichukue saa kama maneno tu, isizihesabu, na juu ya safu tukaandika "jioni" kwa Kiswahili. Tulianza upya kutoka mstari wa kwanza. Yeye alisoma kwa sauti, mimi nikaandika, Mkristo na Mwislamu na mwezi mzima wa saumu katikati yetu.

Jumatano kazi ilikuwa tayari, na printa ikakataa.

Ilikuwa printa ya zamani iliyokuja na kompyuta zile. Mfumo mpya uliiona, ukaiandika jina, lakini karatasi haikusogea. Mwalimu alichomoa waya akauchomeka, akazima akawasha. Katika purukushani hiyo Mzee Saady akaingia. Alikuwa amekuja na tatizo lake: alijaribu kufungua programu ya stoo ya dukani kwenye moja ya mashine zetu ikakataa, maana ile imetengenezwa kwa Windows peke yake. Sasa anakuta na printa imegoma.

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye benchi akanieleza kama baba.

"Kitu cha bure hakina mwenyewe, Mama Shadia. Mimi nikinunua kitu kibovu najua duka, najua mtu. Hiki kikikuharibikia utamshika nani shati?"

Nilimwambia tu kwamba Ijumaa haijafika.

Alipotoka, mwalimu alisema kuna mahali kwenye mtandao ambapo watumiaji wa mfumo ule huulizana. Yeye hutumia kikao cha wanaozungumza Kifaransa. Anaweza kuandika swali letu, lakini hakuna anayelazimika kujibu. Anaweza kujibu mtu baada ya saa moja, au asijibu mtu kabisa. Aliandika jina la printa, na kila kitu tulichojaribu, na mwisho akaongeza kwamba tuko Kibondo na tuna mpaka Ijumaa.

Nikiwa nyumbani juu ya msala nilimkumbuka mama yangu. Alikuwa akilima Makere, kabla baba hajatuhamisha. Kwetu Waha ukiwaalika majirani shambani, kila mmoja hupimiwa ikivi, kipande chake cha kulima. Haondoki mtu ikivi chake hakijaisha. Lakini wa kwanza kumaliza naye haendi nyumbani. Huingia katika ikivi cha aliyechelewa kwa upande wa pili, analima kumwelekea, mpaka majembe yao yakutane. Mama alikuwa mdogo wa mwili na mara nyingi alichelewa. Sikumbuki hata siku moja alimaliza peke yake. Wala sikumbuki siku aliyokaa chini kusubiri wa kumsaidia, alilima tu.

Kwa hiyo Alhamisi sikukaa kusubiri. Niliisahihisha imsakiya tena, nikaipeleka kwa Ustadhi Tamimu kwenye mashine ya mwalimu ya kubeba, akaipitia siku kwa siku. Nilikata karatasi. Nilifuta vumbi la printa. Magharibi ilipokwisha nikaingia darasani, na mwalimu alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili.

Jibu lilitoka Burundi, ng'ambo tu ya Mabamba, kwa mtu aitwaye Havyarimana. Alikuwa na printa kama yetu, nayo ilimtesa miezi. Alieleza kwamba printa ile haina kumbukumbu yake: kila ikiwashwa, lazima kompyuta iipelekee faili fulani kwanza, ndipo ijue kazi yake. Faili hilo na programu ya kulipeleka viliandaliwa na watu wa kujitolea. Akaandika hatua moja moja, nini cha kupakua na amri gani ya kuandika.

Tulizifuata. Hatua ya kwanza ilikubali, ya pili ikakubali, ya tatu mashine ikajibu kwamba kitu hicho haikijui. Tulirudia, tukahakikisha kila herufi. Ilikataa. Adhana ya isha ikaita. Mwalimu alikuwa amechoka, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, akiniita kwa jina langu mwenyewe, si la mwanangu:

"Mama Zuleha, tumefanya yetu yote. Acha ile karatasi iende Kasulu, si aibu."

Nilimwambia naenda kuswali, na nikirudi alfajiri naomba nikute mlango haujafungwa kwa kufuli. Akaniachia ufunguo.

Ijumaa niliswali alfajiri, nikaenda chumbani moja kwa moja, na Dorcas akanikuta huko kabla ya zamu yake ya stendi. Niliisoma ile hatua ya tatu polepole, kama ninavyosoma kila kitu. Kisha nikaisoma orodha ya programu ambazo mashine yenyewe ilisema inazo. Lilikuwepo jina linalofanana na la Havyarimana, ila lilikuwa limeongezewa kipande mwishoni. Mfumo wake ulikuwa wa miaka ya nyuma na wetu ulikuwa mpya. Jina lilikuwa limebadilishwa njiani. Nilisema bismillahi, nikaandika jina jipya.

Printa ililia kama mtu anayesafisha koo. Karatasi ikaingia, ikatoka. Dorcas aliitazama safu ya magharibi kabla ya kitu kingine chochote.

"Saa moja na dakika saba," alisema. "Jioni."

Nilisujudu palepale kwenye sakafu yenye vumbi.

Mzee Saady alikuta rundo linakua, na gari la Kasulu halijaondoka. Shikamoo yangu aliiitikia huku macho yake yako kwenye karatasi. Alilalamika kwamba ya Lukmani huwa na pambo la kijani pembeni na yetu ni nyeusi tupu. Alipitisha kidole kwenye safu zote. Kisha akaniuliza, sasa mwenyewe wa kitu hiki ni nani.

Nilimweleza habari za Burundi, na za mama yangu, na ikivi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na siku hao watu wakichoka kulima?"

"Siku hiyo tutakwama, mzee. Ndiyo maana na sisi lazima tujue kushika jembe."

Alizikusanya karatasi akazifunga kwa kamba. Alisema maharage atayatafutia mahali kwa jirani. Akafika mlangoni, akageuka. "Ya dukani kwangu msiiguse. Ile ibaki na Windows yake na nitailipia leseni. Stoo yangu haitaki majirani."

Hatukumbishia na hapo pia, maana alisema kweli.

Kazi moja ilikuwa imebaki. Nilimwomba mwalimu, aliyepitia chumbani kabla ya kwenda kazini, anifungulie kile kikao, nikamwandikia Havyarimana mwenyewe, kwa Kiha. Nilimweleza kwamba hatua yake ya tatu kwenye mfumo mpya ina jina jingine, nikaliandika jina hilo herufi kwa herufi. Alijibu kwa Kirundi, na tulielewana bila mkalimani. Alishukuru, akasahihisha maelezo yake, na chini ya maelezo akaandika kwamba marekebisho yametoka kwa Zuleha wa Kibondo. Nililitazama jina langu kwa muda.

Adhuhuri, baada ya swala ya Ijumaa, Mzee Saady alinipa simu yake. Alikuwa Lukmani kutoka Kasulu. Nilidhani atanilaumu kwa kumnyang'anya kazi. Kumbe mashine zake mbili zilikuwa zimeganda tangu juzi, virusi vya flashi za wateja, na wateja wa imsakiya wa kule walikuwa wamejaa mlangoni. Aliuliza kama mwalimu wetu anaweza kumwelekeza kwa simu. Mwalimu alikuwa kazini kwenye shirika lake.

Nilimwambia nitakuja mimi. Nilimwonya kwanza kwamba atapoteza vilivyomo, na kwamba huenda programu zake nyingine zisifunguke, na kwamba tukikwama hatuna wa kumpigia simu. Akasema nije.

Kesho yake nilipanda gari la Kasulu. Flashi ya mwalimu niliifunga kwenye pindo la kitenge, na karatasi ya amri nilizoziandika kwa mkono wangu ilikuwa kifuani. Ikivi changu kilikuwa kimekwisha. Nilikwenda kuingia katika cha Lukmani, kwa upande wa pili.