Garanti Haikutaja Maziwa

Asubuhi ya Jumanne Akeno alifungua duka la baiskeli, akafagia mchanga ulioingizwa na upepo wa usiku, akamlaza mwanawe Ebei ndani ya katoni tupu chini ya meza na kutandaza leso juu yake ili nzi wasimsumbue. Kabla hajauweka ufagio chini, mwanamume mrefu wa Kidinka alisimama mlangoni, gurudumu begani, vumbi la lori la Kakuma limempanda mpaka kwenye kope.

"Ejok," alisalimia kwa Kiturukana.

"Ejok-nooi. Karibu ndani. Tairi tena?"

"Tena. Hii mpira imekataa hewa, dada. Jioni najaza, asubuhi naamka iko chini kama chapati."

Jina lake Jok, mhudumu wa afya kambini. Mwaka huo wa 1999 shirika moja la kanisa lilikuwa limewanunulia wahudumu na wakunga wa kambi baiskeli za milimani, nyekundu, za kupendeza, zenye tairi za mtindo mpya zisizo na tyubu. Hewa ilikaa kati ya tairi na rimu tu, kama maji yanavyokaa kibuyuni. Zilikuja na garanti ya mwaka mzima. Tairi ikiharibika kwa kosa la kiwanda au la muuzaji, mteja anapewa nyingine. Ikichomwa na mwiba, shauri yake na mwiba wake.

Mwiba haukuwa na kosa. Akeno alilijua hilo kama anavyojua Baba Yetu. Tairi zilipofika Lodwar, stoo ilikuwa imejaa saruji ya mwenye duka, Bwana Lokiru, basi katoni zikapangwa uani na kufunikwa mabati. Zikakaa huko kiangazi kizima, na kiangazi cha Lodwar si cha kukaa chini ya mabati. Akeno alipozifungua aliona nyufa nyembamba kama nywele za mtoto mchanga kwenye midomo ya tairi, pale zinapoumana na rimu. Akamwita mwenye duka aje kuona.

"Mzee, hizi zimeiva. Hazitashika hewa."

"Wewe umesoma shule ya jioni, hukusoma shule ya mpira," alisema Lokiru, bila ubaya wowote. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. "Kutoka hapa mpaka Nadapal, kule mpakani, kuna miiba mingi kuliko watu. Tairi ikivuja, nani atauliza kwa nini?"

Iliuliza kampuni ya Nairobi iliyozileta. Ilitaka kila tairi inayonyimwa garanti iwe na mwiba wake ndani, uonekane kwa macho. Kwa hiyo Akeno aliweka chini ya meza kopo la siagi lililojaa miiba ya mti wa mathenge, na koleo kando yake. Mteja akifika, humwambia avuke barabara akanywe chai kwenye kibanda cha jirani, chai ya kukaribishwa na duka. Akishavuka, Akeno huchukua mwiba kwa koleo na kuusukuma kwenye tairi mpaka ushike. Mteja akirudi huonyeshwa. "Tazama, ndugu yangu. Mwiba huu hapa." Na mteja hutikisa kichwa, hushukuru kwa chai, na mara nyingi huomba radhi kwa usumbufu.

Huko kuombwa radhi ndiko kulikomkera Akeno. Lakini kazi ya kuandika aliipata kwa jioni zile alizokaa darasani mimba ikiwa imemtangulia mezani, na baba Ebei alikuwa amekwenda Longech, ziwani, kutafuta samaki, akapata samaki na mke mwingine. Akeno akaendelea.

Siku hiyo basi, Jok alipovuka barabara, Akeno alichukua mwiba akausukuma. Akahisi titi la kushoto limevutwa, kama mtoto anapong'ata bila meno. Pale mwiba ulipoingia likatoka tone jeupe, kisha la pili. Akaligusa kwa kidole, akaonja. Yalikuwa maziwa. Akapangusa kwa kitambaa cha grisi na kuandika fomu.

Jok aliporudi, maziwa yalikuwa yamechora mstari mpaka ukingoni mwa meza.

"Inatoa maziwa," alisema Jok.

"Ndiyo. Ilichomwa na mwiba."

"Pole sana, dada. Makosa ni yangu, sikuangalia pahali napita." Akajitwika gurudumu na kwenda kutafuta lori la kumrudisha.

Jioni Ebei alinyonya kidogo, akaachia, akamtazama mamake kama mgeni aliyepewa kikombe akakuta hakuna kitu. Akeno akamhamishia upande wa kulia. Upande wa kulia ulidumu mpaka alipokuja mteja mwingine.

Kuanzia hapo kila tairi iliyopita mikononi mwa Akeno ilirudi Kakuma ikivuja maziwa. Hata kabla ya mwezi kwisha watu wa kambini walikuwa wameshazoea. Tairi zilivuja zaidi alfajiri, kukiwa na ubaridi, na watoto walipanga foleni na vikombe vya plastiki kando ya baiskeli kabla ya kwenda shule. Wafugaji wa Kiturukana waliokuja kuuza kuni na makaa walionja wakabishana. Mmoja alisema ni ya ngamia aliyekula chumvi. Mwingine akasema huyo wa kwanza hajawahi kuwa na ngamia. Mama mmoja wa Kisudani, Nyandeng, alimwachisha mwanawe ziwa akampeleka kwenye baiskeli ya Jok, na mtoto akanawiri. Wakati wote huo wahudumu walikwenda kwa miguu, maana baiskeli inayotoa maziwa haipandwi.

Lodwar, Akeno alikuwa akikonda kwa mawazo huku kifua chake kikiwa kama mfuko uliokung'utwa. Mama yake alimletea supu ya kichwa cha mbuzi, akamkanda kwa maji moto, akamuuliza amemkosea nani.

"Sijamkosea mtu, mama."

"Basi kunywa supu," alisema mama yake, na hakuuliza tena. Ebei akawa anashindia uji mwepesi, analia kwa sauti ya kitoto cha mbuzi, macho yakizidi kuwa makubwa usoni.

Bwana Lokiru alipoona maziwa juu ya meza alipiga simu Nairobi kuuliza. Aliongea Kiingereza kwa muda mrefu, akicheka mahali pa kuchekea. Akaweka simu chini.

"Wamesoma garanti yote. Inataja hewa. Maziwa haikutaja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumepona." Gurudumu la mteja lilikuwa limeegemea ukutani. Lokiru akakinga kikombe chake cha chai ya rangi chini yake mpaka chai ikageuka ya maziwa, akakoroga, akaonja. "Nyepesi, lakini tamu. Hii si ya ng'ombe wala ya ngamia. Wewe unaonaje?"

Akeno aligeukia ukuta akawa anahesabu spoku ambazo hakuna aliyemwomba azihesabu. Nyuma yake alimsikia mzee akinywa chai yake mpaka chini.

Mathilde alikuja siku ya soko. Alikuwa mkunga kutoka Kongo, mama mtu mzima mwenye mwendo wa polepole, na gurudumu lake alilifunga mgongoni kwa kitenge kama mtu anayembeba mtoto. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka kiunoni. Alisalimia kila kilichokuwa ndani ya duka, pamoja na mzee Lokiru aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na redio, kisha akaliweka gurudumu mezani.

"Mama, miye natoka Kakuma. Naleta mupira. Uko na mutoto? Nasikia analia."

"Yuko hapa chini. Karibu, mama. Tairi imeanza lini kuvuja?"

"Tangu zamani. Jok aliniletea huku ile siku aliletaka yake ya pili, mukanionea mwiba. Lakini miye siku zote nabeba baiskeli kwa bega pahali pa miiba. Nikasema, nitaenda mwenyewe niulize vizuri." Alifuta jasho. "Juzi waliniita kwa Adau, ule binti anakaa ngambo ya lugga, ule muto mukavu, uchungu umemushika. Usiku ule nilikimbia, lakini miguu yangu ni ya bibi. Nilifika nikakuta mutoto amekwisha kuzaliwa na kupoa mwili."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anavyoeleza mtu kwa nini kachelewa kanisani.

Hapo Ebei alitoka kwenye katoni. Alikuwa hajaanza kutambaa bado, lakini alitambaa, akashika mguu wa meza, akanyanyua uso. Tone lilikuwa linaning'inia ukingoni. Lilipodondoka alilipokea kwa ulimi, na sauti aliyoitoa Akeno hakuwa ameisikia tangu msimu uliopita.

Mathilde akainama akamwinua. Akamshikilia kwenye mkono mmoja, akalisimamisha gurudumu kwa mkono wa pili, na Ebei akaweka mdomo kwenye ufa wa tairi akanyonya, kiganja kimelala juu ya mpira, macho yakifumba.

"Ee, anajua ya kwao," alisema Mathilde. Akamtazama Akeno kifuani, kisha usoni, kwa upole ambao Akeno angeona heri kofi. "Sasa uniambie, mwanangu. Ni mwiba ama ni kitu ingine?"

Akeno alimwendea mzee pale kwenye redio. Alizungumza Kiturukana, kwa sauti ya chini.

"Mzee, tumbadilishie huyu mmoja. Ni mkunga."

"Ukimbadilishia mkunga, daktari atakuja. Daktari akipata, na Jok anataka. Tutawaambia nini wa kwanza?"

"Tuwaambie ni jua."

"Jua la nani?" aliuliza Lokiru, akapunguza redio. "Akeno, sikukatazi. Wewe ndiye unaandika. Ukiandika jua, kampuni itauliza mabati ni ya nani, na duka litafungwa, na wewe utarudi kuchoma makaa na mtoto mgongoni. Mkono mtupu haulambwi. Amua mwenyewe, mimi nasikiliza habari."

Akapandisha redio.

Akeno alirudi mezani. Ilikuwa zamu ya kusema, "Mama, vuka barabara ukanywe chai." Alifungua kinywa, na akaona kwamba Mathilde hawezi kuvuka, kwa sababu amembeba Ebei, na Ebei ananyonya. Akangoja. Mtoto hakuonyesha dalili ya kushiba. Mathilde naye alingoja, akipigapiga mgongo wa mtoto kwa vidole.

Ndipo Akeno akainama, akatoa kopo la siagi, akachagua mwiba. Aliusukuma kwenye tairi mbele ya macho ya yule mama, karibu na shavu la mwanawe. Maziwa yakaongezeka. Ebei akameza kwa haraka zaidi, akakohoa, akaendelea.

"Mwiba huu hapa, mama," alisema Akeno.

"Ninauona," alisema Mathilde.

"Nisamehe, mama."

Mathilde aliitazama fomu. "Hiyo uandike pia kwa fomu?"

Akeno alitikisa kichwa kukataa. Aliandika mwiba, kwa mwandiko mzuri alioupata shule ya jioni kwa taa ya kandili, akampa kalamu. Mathilde akaliegemeza gurudumu kifuani, akatia sahihi kwa mkono uliokuwa umelishika.

Alipokuwa tayari kuondoka hakulichukua gurudumu. Alimweka Ebei mezani, akaliegemeza gurudumu kando yake ili afikie, akakung'uta kitenge.

"Nikiibeba itamwangika yote kwa njia. Mutoto hana kosa. Miye nitatembea tu."

"Mama, Kakuma ni mbali. Na kule kambini…"

"Kule kambini ni mbali pia," alisema Mathilde. Akamuaga mzee, akamuaga mtoto, akatoka. Akeno alimtazama mpaka alipokunja kona kwenye maduka ya Wasomali. Hakumwita.

Usiku ule alilala na gurudumu kitandani, kati yake na ukuta. Alijifunza kuligeuza mtoto anapotaka upande wa pili, na kuufunika ufa kwa jani la mkoma akitoka. Mama yake alilipangusa vumbi kila asubuhi, kama sufuria nyingine yoyote ya nyumbani. Dukani wateja waliendelea kuja na kuvuka barabara kwenda kunywa chai. Jok alipita mara moja, akasema Mathilde ni mzima, miguu tu imevimba, na kwamba siku hizi akina mama wanaokaribia kujifungua wanahamia karibu na kibanda chake, wanalala nje, wanangoja huko huko.

Mvua za mwisho wa mwaka hazikuja. Akeno alimpeleka Ebei kliniki kupimwa uzito, akakaa kwenye benchi na akina mama waliofunga watoto wao wembamba kwa leso na ngozi. Muuguzi alimtundika Ebei kwenye mizani, mtoto akacheka, mapaja yakitingishika. Muuguzi akamtazama Akeno kwa furaha ya kweli.

"Huyu ndiye mtoto wa kwanza leo kuongeza kilo. Unampa nini, mama?"

"Maziwa yangu," alijibu Akeno. Ilikuwa kweli.

"Hebu simama uwaambie wenzako. Wakisikia kwangu hawaamini."

Akeno alisimama. Aliwaambia wanywe maji mengi, wasijitaabishe na mawazo, na wasimkatize mtoto anaponyonya. Wakamsikiliza kwa makini, kisha wakampigia makofi. Yeye alikuwa anaangalia miguu yao. Ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini, maana karibu wote walikuja kwa miguu.