Salamu za Bibiana

Tulikuwa tumekwisha ondoka Chumbageni, pikipiki saba na mama wakwe saba, nami nyuma kabisa nimepakiwa na Uweso, kazi yangu kutazama mito.

Nieleze. Mashindano haya ya kila Idi Pili, Chumbageni hadi Tongoni, vijana wa bodaboda waliyaanza miaka sita nyuma. Mwaka wa kwanza walikimbia kama vichaa, watatu wakaingia mtaroni. Wazee wakasema haya, endeleeni, ila kila mtu ampakie mama mkwe wake, na katikati uwekwe mto wa heshima. Mto ukianguka, umetoka. Tangu hapo hajavunjika mtu hata ukucha. Nimekaa Lindi, Mombasa, hata Moroni, sijaona breki inayomshinda mama mkwe.

Mwaka huu Tahiri, mmoja wa vijana hao, alikuwa na lake. Mkewe, Zuwena, alirudi kwao siku Tahiri alipomwangusha kwenye tope akijionyesha. Sasa mama mtu, Bi Semeni, alimwambia wakati wa kupanda: "Ukimpita Bibiana, unaondoka na mkeo leo. Usipompita, mpaka Idi Kubwa."

Bibiana wa Pongwe, anayepakiwa na mkwewe Bryson, alikuwa ameshinda mara mbili, na sokoni hakumpumzisha Bi Semeni kwa majigambo.

Kufika karibu na Tongoni wamebaki hao wawili mbele, mimi na Uweso tumewafuata kwa karibu. Tahiri akaja ubavuni, bado kidogo apite. Lakini mtu mzima humpiti kimya kimya. Akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na ule mguu wake?"

"Unaendelea vizuri, mama."

"Kata!" Bi Semeni akapiga kelele. "Kata salamu, mwanamume wewe!"

"Mama, ananiuliza mguu wa mama!"

"Nasikia shangazi yako kahamia Muheza," Bibiana akaendelea, taratibu. "Kapata nyumba?"

"Kapata."

"Ya bati au ya makuti?"

"Bibiana, Mungu anakuona!"

"Anatuona sote, dada. Na wewe hujambo?"

Bi Semeni akafungua mdomo amtukane, ikamtoka, "Sijambo."

Bryson akavuka mstari, kawazidi tairi moja. Wakanigeukia mimi. Mito yote ilikuwa mahali pake. Ningependa kusema vingine, nikashindwa.

Zuwena alikuwa amesimama pale na begi lake.

"Ulishindwa kumwambia mtaongea baadaye?"

"Mtu mzima yule?" Tahiri akasema.

Zuwena akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akabeba begi, akarudi na mama yake.

Idi Kubwa wakashindana tena. Tahiri alikwenda Pongwe tangu asubuhi, akamsalimia Bibiana na ukoo wake wote, akamaliza. Mchana akampita, akaondoka na mkewe. Wanakaa Chumbageni. Bryson anauza matikiti. Bibiana anaumwa goti, hapandi tena. Bi Semeni amepata mkwe wa pili, asiye na pikipiki. Uweso yuko Korogwe. Mimi nilihamia Moa.