Dakika Tatu Mbele ya Meya Orville

Kaka yangu Orville Tveit alikuwa mbunge wa jimbo letu la Minnesota miaka kumi na minane, kisha akarudi nyumbani kuwa meya wa mji wetu mdogo. Mto ulipofurika mara ya pili, baraza la mji likataka kujenga ukuta. Ukuta wenyewe ungepita katikati ya makaburi ya kanisa letu, alikolala mume wangu Lowell. Nilikuwa na ombi moja tu: usogezwe hadi shamba la mahindi la jirani, wafu waachwe.

Barazani kila mkazi hupewa dakika tatu za kusema. Rafiki yangu Ardis alinigusa kwa kiwiko. "Nenda, Verna. Na leo punguza adabu."

Lakini kwetu mtu haombi kabla ya kushukuru. Nikataja daraja alilotupigania Orville bungeni, nyumba ya wazee, na ile siku ya baridi kali aliyoendesha gari maili mia mbili akiwa na homa ili apige kura moja. Nikawashukuru madiwani. Nikamshukuru hata karani kwa kahawa. Ndipo nikasema, "Sasa, kuhusu Lowell..."

Kengele ikalia.

"Muda umekwisha, Bibi Amdahl," Orville akasema, akiniita kwa jina la mume wangu. Akiwa kwenye kile kiti hakuniita dada hata siku moja. Nikaketi.

Madiwani wakaupigia ukuta kura, watatu kwa watatu. Hapo meya ndiye mwamuzi. Orville alitazama karatasi zake kitambo, akasema ukuta upite ulivyochorwa.

Alinifuata nje kwenye theluji.

"Mbona hukuomba?"

"Si umenikatiza."

"Nimemkatiza kila mtu. Nilikuwa nangoja uombe, Verna. Ombi lingeandikwa kwenye kumbukumbu, ningepata pa kushika. Bila hivyo wangesema nampendelea shemeji."

"Shemeji mwenyewe marehemu," nikasema. "Hata kura hakupi."

Alinifungulia mlango wa gari, akaufunga taratibu.

Aprili walimfukua Lowell wakamzike kwingine. Orville alikuja, kofia mkononi, akasimama peke yake kando ya uzio, na hakuna aliyemsogelea. Novemba hakugombea tena. Jumapili mimi huketi naye kanisani, maana benchi lake halina mwingine. Namwomba Mungu amsamehe. Kwa upande wangu, bado naomba nipewe moyo wa kumsamehe.